Kisu Kilichopita Motoni

Shaaban alikuwa na desturi ya kuinua ngozi mbichi kwa mikono miwili na kuielekeza kwenye jua kabla hajasema neno. Asubuhi ile aliinua ngozi ya dume jekundu, aliyoichuna Yotham, na jua likampiga usoni kupitia matundu mawili.

"Njoo hapa," alimwita Yotham. "Chungulia. Unaona nini?"

Wachunaji wengine waliacha kazi ili wasikose. Yotham alifuta mikono mapajani, akasogea, akaweka jicho kwenye tundu kwa kuwa ndivyo alivyoamriwa.

"Naona stesheni, Mzee Shaaban."

"Stesheni yote?"

"Na watu waliosimama nje yake."

Kicheko kilizuka machinjioni hata kunguru wakaruka. Shaaban peke yake hakucheka. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, mtu mfupi mwenye sauti ndogo, na kazi yake ilikuwa kuchinja kwa bismillahi ili askari na wafanyabiashara wale nyama bila wasiwasi, kisha kuwasimamia Wagogo waliochuna. Nyama ilikwenda kambini na kwa watu wa reli. Ngozi zilikwenda kwa Mzungu mmoja aliyezinunua na kuzipeleka pwani kwa gari la moshi, na Mzungu huyo akiona tundu alimtukana Shaaban, si Yotham.

"Nipe kisu chako."

Kilikuwa kisu cha chuma cha kienyeji, urithi wa baba yake Yotham, kimenolewa miaka na miaka hata kimebaki chembamba kama jani la mtama. Shaaban alikiweka juu ya goti akakikandamiza. Kikapinda, kikabaki kimepinda.

"Hiki ni kijiko," alisema. "Unakikaza kwa sababu hakikati, ukikikaza kinateleza, kikiteleza kinatoboa. Mkono wako hauna kosa, nimeutazama. Lakini Jumanne Mzungu anakuja mwenyewe kutazama tunavyochuna, na atakayetoboa mbele yake mimi sitamtetea. Tafuta kisu cha pua, chuma kigumu kile, si hiki cha majembe. Ukikosa, lete cheti chako nikirudishe bomani."

Hapo hakuna aliyecheka. Cheti kilikuwa karatasi ndogo tu, lakini kilisema kwamba mtu huyu ana kazi. Asiye nacho, watu wa akida walimwita mzembe, na wazembe walipelekwa kwenye mashamba ya katani huko pwani. Seth, mdogo wake Yotham, alipelekwa wakati wa mvua. Kilichorudi mpaka siku ile ni blanketi lake, lililoletwa na mtu ambaye hakutaka kuketi wala kunywa maji.

*

Tembe yao ilikuwa upande wa Mlimwa. Dorkasi, mkewe Yotham, alizipokea habari akiwa anapepeta uwele, na hakuacha kupepeta.

"Kisu cha pua hakipungui rupia moja," Yotham alisema. "Na rupia sina."

"Nina samli. Kile kibuyu kikubwa. Mbwana wa dukani ananunua samli."

"Ile ni ya kodi ya nyumba."

"Kodi inalipwa na mtu aliyepo. Ukienda katani nitalipa nini, blanketi?"

Mara akajuta, maana mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni akisokota kamba, na blanketi lenyewe lilikuwa mabegani mwake. Sechelela, mama yake Yotham na Seth, hakuinua kichwa. Aliendelea kusokota mpaka kamba ikafika mwisho, kisha akasema, "Kisu cha baba yenu kilichuna ng'ombe wa mahari na wa matanga. Leo Mzungu amekuja, ngozi ya ng'ombe imekuwa ngumu?"

"Ng'ombe ni yule yule, mama," Dorkasi alijibu kwa adabu. "Aliyebadilika ni mnunuzi."

"Basi nendeni. Ila usimwachie achague peke yake. Huyu tangu utoto, akiona kinachong'aa, akili zake zinakwenda likizo."

Hilo lilikuwa jambo ambalo mkwe na mkamwana hawakuwahi kubishania.

*

Duka la Mbwana lilikuwa karibu na stesheni, ukuta kwa ukuta na banda la Elieza mhunzi. Mbwana alikuwa mtu wa pwani aliyefuata reli, na alikuwa hajaizoea Dodoma: alifunika pua kwa vumbi, na Ijumaa ile aliifunika kwa ajili ya Yotham.

"Simameni hapo hapo nje," alisema. "Harufu ya machinjioni inaingia kwenye kaniki zangu."

Wakasimama nje, juani, wakinunua kupitia mlangoni kama watu wanaoomba maji. Mbwana alileta visu vitatu kwenye sinia.

Cha kwanza kilikuwa na mpini wa mfupa, picha ya simba, na ubapa ambao ungeweza kujitazamia meno. Yotham alikishika na uso wake ukafunguka. Cha pili kilikuwa kazi ya Elieza wa jirani, msumari wa reli uliofuliwa ukawa kisu, kinene, mpini wake ni chuma kile kile kilichosokotwa. Cha tatu kilitoka chini ya sanduku, kimefungwa karatasi yenye mafuta: ubapa mweusimweusi, mpini wa mti mwepesi ulioshikwa na misumari miwili midogo, hakina picha wala sifa.

"Cha simba ni rupia moja na nusu," Mbwana alisema. "Cha Elieza ni robo rupia. Hiki cheusi nitakupeni kwa rupia, kwa sababu wake za askari wamenirudishia viwili. Kikikata ndimu kinageuka rangi. Ukikisahau na maji, kinashika kutu."

"Hiki cha simba kinatosha kiganja," Yotham alisema.

"Subiri," Dorkasi alisema. Akatoa ndani ya nguo yake kipande cha kibuyu kikavu alichokuja nacho kutoka nyumbani, kigumu kama mfupa. Alikuwa amefikiri njiani. Kila kisu ni kikali siku ya kuuzwa. Anayetaka kukijua akichoshe kwanza. Akakichonga kibuyu kwa kisu cha simba mpaka vipande vikamwagika miguuni, kisha akaushika mkono wa mumewe na kupitisha makali juu ya malaika, vile vinyweleo vya ngozi. Malaika yakalala, yakasimama tena.

"Kimekufa," alisema.

"Mama, unanichezea mali!"

"Ningekuwa nakuchezea ningekwenda nacho. Lete hicho cha Elieza."

Elieza alikuwa ametoka bandani kutazama, nyundo mkononi, na ikambidi atazame kisu chake kikichonga kibuyu kwa shida na kisha kushindwa unywele mmoja. "Hiki ni cha kukatia uji," Dorkasi alisema, naye alisema kwa sauti zaidi ya ilivyohitajika. Watu waliokuwa wakipita walicheka. Elieza alirudi kwenye mvukuto wake.

Kisu cheusi kilichonga kibuyu mpaka kikabaki kipande cha ukubwa wa kucha. Kisha kikapita juu ya mkono wa Yotham kikaacha njia nyeupe, safi, kama kinyozi amepita.

"Hiki," alisema Dorkasi.

"Kibaya hivi?" Yotham alinong'ona.

"Unakwenda kuchuna au kuoa?"

Mbwana akapima samli, akalalamika kwamba ina moshi, akaichukua yote. Alipompa Yotham kisu alisema, "Kikaushe kila jioni, ukipake mafuta. Hii ni pua, si chuma cha jembe." Habari ya moto hakuitaja, kwa kuwa kwao hakuna mtu atiaye kisu motoni.

*

Jumamosi Yotham alichuna ng'ombe wawili, na kwa mara ya kwanza hakutoa jasho la hofu. Kisu kilitembea kati ya ngozi na nyama kwa uzito wake wenyewe. Shaaban aliinua ngozi juani, akaitazama mbele na nyuma, akatoa mguno. Kwa Shaaban mguno ulikuwa hotuba.

Kasoro ilikuwa mpini. Mti ule mwepesi ulilowa damu ukawa utelezi, msumari mmoja ukalegea, na katika ng'ombe wa pili mkono wa Yotham ulipita mbele ukakutana na makali. Alirudi nyumbani kiganja kimefungwa kitambaa, lakini amechangamka, akimsifia mkewe mbele ya mama yake bila aibu. Sechelela alikifungua kitambaa, akatazama jeraha, akatazama ule mpini.

"Kisu cha watu wasio na nyumba," alisema.

Hakuwa mjinga, wala hakuwa na nia mbaya. Hilo lisemwe mapema. Katika nyumba ile kisu hakikuwa kisu mpaka kipate mpini wake jikoni kwao. Hivyo ndivyo alivyofanya mumewe, na baba mkwe wake kabla ya hapo: unalaza kisu katikati ya makaa mpaka kiwe chekundu chote, mkia wake unausokomeza kwenye mpingo, mpingo unalia na kutoa moshi, na mti na chuma vinashikana mpaka kufa kwenu. Visu vya kienyeji vilipita motoni hivyo miaka yote na havikupungukiwa kitu, maana chuma chao kilikuwa laini tangu mwanzo na moto haukuwa na cha kukinyang'anya.

Jumapili Yotham na Dorkasi walikwenda kwenye ibada. Sechelela alishusha kutoka darini mpini wa mpingo wa marehemu mumewe, mweusi, uliolainishwa na kiganja cha mtu mmoja kwa miaka mingi. Aling'oa ule mti wa duka. Akapuliza moto, akalaza kisu chote ndani, akakaa nacho mpaka kikaiva. Alipomaliza kukitia mpini aliufukia ubapa kwenye jivu la moto upoe taratibu, kwa upole, kama ambavyo angemfunika mgonjwa. Kisha akakisugua kwa mchanga, akakinoa kwenye jiwe. Jiwe lilikila upesi, naye akafurahi kuona kinavyonoleka.

Yotham aliporudi na kuuona mpini wa baba yake, aliushika kwa kiganja chake chenye jeraha. "Ahsante, mama," alisema.

*

Jumatatu makali yalilala kabla ngozi haijafika ubavuni.

Yotham alinoa. Yakalala tena. Akanoa tena, akakaza mkono, na pale mgongoni, mahali ambapo mnunuzi hutazama kwanza, kisu kiliteleza kikatokea upande wa pili.

Shaaban hakuita mtu kuchungulia safari hii. "Kumbe shida si kisu," alisema polepole, na hilo liliuma kuliko kicheko cha watu wote. "Leo beba utumbo. Kesho njoo, kwa sababu nimesema kesho. Lakini njoo na cheti."

Mchunaji aliyekuwa akisifiwa juzi alishinda asubuhi nzima akibeba matumbo kwenda shimoni, nzi wakimsindikiza. Adhuhuri alimpitia Dorkasi, na wote wawili wakaenda dukani kwa hatua za watu walioibiwa.

"Umeniuzia bati!" Yotham alipiga kelele akiwa bado barabarani. "Ulimwonyesha mke wangu kisu kimoja ukatufungia kingine!"

Watu hawahitaji mwaliko kwa mambo kama hayo. Walijaa mlangoni pa Mbwana kufumba na kufumbua: wapagazi, wauza karanga, mke wa askari aliyekuja kununua sabuni, na Emilia, jirani yao wa kule Mlimwa, ambaye habari haikuwahi kulala njaa nyumbani kwake. Mbwana alikasirika kwa haki. Akaleta kisu kingine kutoka sanduku lile lile, akakilaza karibu na kile cha Yotham.

"Watu wote watazame. Ni ndugu au si ndugu?"

Walikuwa ndugu, urefu na umbo. Lakini kimoja kilikuwa na rangi ya mafuta na chuma, na kingine, kando ya mpini, kilikuwa na magamba meusi ambayo mchanga haukuyatoa, na chini yake ubuluu kama shingo ya njiwa. Mbwana alikigeuza mara mbili. Uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu aliyeshinda.

"Hiki kimeingia motoni. Pua ikilazwa motoni inakufa. Nani aliyekitia motoni? Eh? Nani ameua kisu halafu anakuja kuniita mwizi?"

Yotham alifungua mdomo. Dorkasi alimwona akimwaza mama yake, akaona jina likipanda kooni kwake, na akaona pia yale yatakayofuata: Sechelela akiimbwa kisimani na sokoni, bibi kizee aliyemponza mwanawe wa mwisho aliyebaki. Mkamwana hamtoi mama mkwe mbele za watu. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa kwao, na Dorkasi hakuhitaji mtu kumkumbusha.

"Mimi," alisema. "Nilikitia mimi, nilipokuwa nabadilisha mpini."

Kicheko kilichopanda kilikuwa kikubwa kuliko kile cha machinjioni. "Huyu aliyejaribu visu kwa kibuyu!" mtu alisema. "Fundi wa visu!" Elieza, mlangoni pa banda lake, alicheka kwa mkono kwenye mbavu, alikuwa amengoja tangu Ijumaa. Yotham alimtazama mkewe na hakujua aweke wapi macho. Dorkasi alisimama wima, amekunja mikono, akingoja wamalize, kama anayengoja mvua ipite apate kuendelea na safari. Emilia hakungoja. Alikuwa ameshashika njia ya Mlimwa.

*

Watu walipopungua, jua limeanza kupinda, Dorkasi alikichukua kisu akaingia nacho bandani kwa Elieza. Yotham alimfuata nyuma.

"Cha kukatia uji kiko pale, mama," Elieza alisema. "Robo rupia."

"Nilikutukana mbele za watu, nawe umenicheka mbele za watu. Tumelipana," Dorkasi alisema. "Sasa niambie. Moto ndio ulioondoa ukali. Moto hauwezi kuurudisha?"

Elieza hakutegemea swali hilo. Aliweka nyundo chini, akakipokea kisu, akakipitishia tupa kwenye ukingo. Tupa iling'ata, ikatoa unga, dalili ya chuma laini.

"Misumari yangu hata uichome mwezi mzima ni ile ile," alisema, sauti yake imepoa. "Pua ni kitu kingine. Kule Morogoro, kwenye karakana ya reli, niliona inachomwa ikawa nyekundu, halafu inazamishwa ghafla kwenye pipa la mafuta. Ikitoka humo ni ngumu. Niliona, sikufanya. Maji yanaupasua ubapa mwembamba kama huu, hilo nalijua, nimepasua vyangu viwili. Na mafuta ya reli yamefungiwa stoo."

"Samli?"

"Samli ni ya kula."

"Ni mafuta au si mafuta?"

Elieza alikuna ndevu. "Ni mafuta," alikiri.

Dorkasi alitoka akasimama mbele ya Mbwana. Kibuyu chake kilikuwa kwenye rafu, alikifahamu kwa kamba yake. Mbwana alikuwa amesikia kila kitu, maana ukuta ulikuwa mmoja.

"Samli ninayo," alisema kwa utamu. "Hii ya kwako ni rupia mbili."

"Ijumaa ilikuwa rupia moja na ina moshi!"

"Ijumaa ilikuwa yako."

Yotham alianza kufungua nguo yake ya kifuani, nguo pekee yenye thamani, ili aiweke rehani. Dorkasi alimshika mkono. Hapo wakasikia watu wakisalimia barabarani, "Mbukwenyi, mama! Shikamoo!" na hakuna salamu iliyojibiwa, jambo ambalo halikuwa kawaida kwa Sechelela hata kidogo.

Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Mlimwa bila kupumzika, blanketi la Seth mabegani, kibuyu kidogo mkononi, na Emilia nyuma yake akihema. Alisimama katikati ya duka na banda, mahali ambapo wote wangemsikia, akangoja mpaka hata wauza karanga wakanyamaza.

"Huyu mkamwana wangu ni mwongo," alisema.

Dorkasi aliinamisha kichwa.

"Kisu hakukichoma yeye. Alikuwa kwenye ibada anaimba. Nilikichoma mimi, Sechelela, kwa mikono hii, kama alivyovichoma mume wangu visu vyake vyote, na nikakiona kizuri. Mwenye kutaka kucheka acheke sasa hivi nikiwa hapa, asingoje kisimani."

Alimtazama mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyecheka. Mke wa askari alikumbuka sabuni yake akaingia dukani.

"Mama," Dorkasi alisema taratibu, "hukupaswa kujitaja."

"Na wewe hukupaswa kunibeba. Sijawa mzigo." Lakini aliposema hivyo alimshika Dorkasi mkono, na hakuuachia haraka. Kisha akamgeukia Elieza. "Nilikuja na samli ninunue kisu kingine, nikakutana na mtu hapo njiani akaniambia mnaitafuta. Hii hapa."

Yotham alikijua kibuyu kile. "Mama, hiyo ni ya Seth."

Ilikuwa samli aliyoiweka tangu siku mwanawe alipochukuliwa, ya kumpaka kichwani na kifuani siku atakapovuka kizingiti, kama mama wa Kigogo anavyompokea aliyetoka mbali. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata wiki zile uwele ulipokwisha wakala mlenda mtupu.

"Najua ni ya nani," alisema Sechelela. "Seth akirudi nataka akukute. Washa moto, Elieza."

*

Elieza alivuta mvukuto mwenyewe. Aliung'oa ule mpini wa mpingo, akamkabidhi Sechelela, akakilaza kisu kwenye makaa. Samli iliyeyushwa kwenye chungu ikawekwa miguuni pake. Mbwana alikuwa ametoka dukani. Aliegemea nguzo ya banda na kusahau kuziba pua.

"Kikipasuka msinilaumu," Elieza alisema.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," Sechelela alimjibu. "Tazama moto wako."

Ubapa ukaiva taratibu, kwanza rangi ya udongo, halafu rangi ya jua linapotua kwenye vumbi. Elieza alikiinua kwa koleo, akashusha pumzi, akakizamisha wima. Chungu kilinguruma. Moshi mzito wa samli ulijaza banda, harufu ya sherehe, na mtu mmoja nje akauliza nani anaoa. Yotham alikuwa akisikiliza kitu kimoja tu, ule mlio mdogo wa chuma kupasuka. Haukuja.

Elieza alikitoa, akakifuta, akakipasha tena mbali na makaa, kidogo tu, mpaka kikawa na rangi ya nyasi kavu, kwa kuwa alisema kikiachwa vile kilivyo kitakuwa kigumu lakini kitavunjika kama kigae. Kisha akachukua tupa, akasita, akampa Dorkasi.

"Jaribu wewe. Ndiwe mwenye kibuyu."

Dorkasi aliiweka tupa kwenye ukingo akaivuta. Tupa iliteleza kama juu ya kioo, haikutoa hata chembe ya unga. Akarudia upande wa pili. Ikateleza.

"Kimerudi," alisema.

"Bado mpini," Elieza alisema. "Nitakitafutia mti mwingine na misumari mipya."

"Mpini wake upo," Sechelela alisema. Hakuna aliyethubutu kumkatalia, lakini wote walitazama moto kwa wasiwasi. Dorkasi ndiye aliyepata njia. Alichota udongo mbichi wa Elieza wa kuzibia mvukuto, akafanya bonge kubwa la majimaji, akaufukia ubapa wote ndani, mkia tu ukabaki nje.

"Anayetakiwa motoni ni mkia, mama. Huyu mwingine akae kwenye baridi yake."

Sechelela alitafakari, akakubali kwa kichwa. Mkia ukawa mwekundu, udongo ukafuka mvuke, na yeye mwenyewe akausokomeza kwenye mpingo. Mpingo ulilia, ukatoa moshi wake, ukashika. Elieza alipoulizwa malipo alisema wamlipe mguu wa mbele wa mbuzi siku yoyote wakimchinja, na ahadi kwamba Dorkasi hatapita tena mbele ya banda lake na kibuyu.

Sechelela aliimimina samli iliyobaki kwenye kibuyu chake mpaka tone la mwisho. Ilikuwa imeungua, imekuwa na rangi ya kahawia.

"Bado ni samli," alimwambia Emilia aliyekuwa akimtazama. "Seth hachagui."

*

Mzungu wa ngozi alifika Jumanne jua likiwa bado chini, leso mdomoni, karani nyuma yake. Hakusalimu mtu. Alisimama nyuma ya wachunaji mmoja mmoja, na kila aliposimama mchunaji aliinamia kazi yake zaidi. Cheti cha Yotham kilikuwa tayari mkononi mwa Shaaban, kimekunjwa.

Yotham alipewa fahali mweusi mwenye mgongo mpana. Alipasua kifuani, akafuata miguu, akaingia ubavuni. Mpingo ulikaa kwenye kiganja chenye jeraha kama ulivyokaa kwenye kiganja cha baba yake, haukuteleza, na makali yalitembea. Alisikia viatu vya Mzungu vikisimama nyuma yake. Hakugeuka. Alifika mgongoni, akalegeza mkono badala ya kuukaza, akakiacha kisu kifanye kazi yake. Viatu vilikaa muda, kisha vikaondoka kwa mwingine.

Ngozi ilipotoka, Shaaban aliiinua kwa mikono miwili na kuielekeza kwenye jua. Aliitazama kichwani, akaitazama mgongoni, akaigeuza, akaitazama tena. Wachunaji waliacha kazi.

"Yotham. Njoo uchungulie."

Yotham alisogea, akaweka uso kwenye ngozi. Kulikuwa na giza jekundu na harufu ya damu, basi.

"Unaona stesheni?"

"Siioni, Mzee Shaaban."

Shaaban akamrudishia cheti chake, akamwonyesha kwa kidevu ng'ombe mwingine aliyelala.

"Basi anza na huyo."